Mwaka wa shule ukiisha, lugha hubaki wapi?

Kila mwaka ufikapo mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, shule za upili kule Marekani hufunga mwaka wa masomo uliofunguliwa Agosti au Septemba. Katika majuma hayo ya mwisho, mwalimu wa Kihispania huwa na kazi chungu nzima. Hana budi kusahihisha insha, kumsikiliza kila mwanafunzi akijieleza kwa mdomo, kukusanya vitabu, kujumlisha alama na kubandua ramani za Meksiko na Peru zilizokaa ukutani tangu mwaka uanze. Kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi hutoweka mithili ya siafu waliomwagiwa jivu. Mwalimu hubaki na swali ambalo lapaswa kumkera kila afundishaye lugha, popote alipo: katika yote niliyofunza, ni kipi kitakachokuwa kingali hai baada ya likizo? Na baada ya miaka kumi?

Swali hili si la mzaha, kwa kuwa Kihispania si lugha ya wageni nchini humo. Wahispania waliuasisi mji wa St. Augustine, Florida, mwaka 1565, miaka 42 kabla ya Waingereza kupiga kambi yao Jamestown mnamo 1607. Vita baina ya Marekani na Meksiko vilipomalizwa kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, mwaka 1848, eneo pana likiwemo California lilibadilisha mwenyewe, na wasemaji wa Kihispania wakajikuta raia wa dola nyingine bila hata kuhama nyumba zao. Leo watu zaidi ya milioni 40 huisema lugha hiyo majumbani mwao.

Kwa hivyo, darasa la Kihispania hukusanya watoto wa aina mbili. Yuko yule ambaye mwezi wa kwanza alikuwa akijifunza kusalimu. Kando yake ameketi mjukuu wa mhamiaji, anayefahamu kila neno la bibi yake lakini hawezi kumwandikia barua. Huyu wa pili ana mengi ya kupoteza. Mwaka 1998 wapiga kura wa California waliidhinisha sheria iliyobana ufundishaji wa watoto kwa lugha mbili, na haikuondolewa hadi kura nyingine ilipopigwa mwaka 2016. Kizazi kizima kilipitia shule katika kipindi hicho. Waliosema kwamba mwacha asili ni mtumwa hawakukosea, ila tuongeze kwamba kuna wanaoachishwa asili yao wakiwa wangali wadogo wasiweze kukataa.

Ole wetu ni kwamba majuma ya mwisho wa mwaka, ambayo yangekuwa ya kukaza fundo, aghalabu ndiyo hulegezwa. Mtihani ukishafanywa, mwanafunzi huona kazi imekwisha. Mwalimu aliyechoka huwasha filamu, nao darasani wakawa wanasinzia. Wengi wa vijana hao walisoma somo hilo miaka miwili tu, maadamu ndivyo vyuo vikuu kadha vinavyodai, na siku ya kupokea alama ndiyo siku ya kuagana na lugha yenyewe.

Je, kitu gani hubaki? Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, alichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa lugha angefaa kuujua. Aliwapima watu 733 waliosoma Kihispania shuleni au chuoni, baadhi yao wakiwa wameacha somo hilo miaka 50 iliyotangulia. Aligundua kwamba usahaulifu huwa wa kasi katika miaka mitatu hadi sita ya kwanza. Baada ya hapo, kile kilichosalia hutulia tuli kwa muda wa hata miaka 25 au zaidi, ijapokuwa mwenyewe haitumii lugha hiyo kwa nadra wala kwa wingi. Fauka ya hayo, waliosoma kwa miaka mingi zaidi na kupata alama bora walibaki na akiba kubwa kuliko wenzao.

Maana ya matokeo haya ni dhahiri shahiri. Kazi ya mwalimu haipotei yote, bali hubaki ile iliyozama. Ama kile kilichokaririwa usiku mmoja kwa ajili ya mtihani, hicho huondoka kama umande. Basi mwalimu mwenye busara huyatumia majuma ya mwisho kurudia yaliyofunzwa tangu mwezi wa kwanza, wala si kukimbizana na sura ya mwisho ya kitabu. Huwapa wanafunzi hadithi fupi za kusoma likizoni. Huwafanya wasimulie, wabishane na wacheke kwa Kihispania. Yule mjukuu humwagiza aandike habari za bibi yake kama alivyozisikia kutoka kinywani mwake.

Msomaji ataniuliza, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Kwanza, Kihispania si mbali nasi kama tudhaniavyo. Mhispania akisema "mesa" na "bandera", Mswahili humwelewa, kwani sisi tulipata meza na bendera kutoka kwa Mreno, jirani yake. "Azúcar" yake na sukari yetu zina asili moja ya Kiarabu, sawa na "aceituna" yake na zeituni yetu. Pili, wako Wakenya ambao wamevuka bahari kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani, na hao huukabili mwisho wa mwaka uo huo na swali lilo hilo.

La tatu ndilo zito. Mtihani wetu wa Kiswahili wa KCSE una karatasi tatu, za Insha, Lugha na Fasihi, na zote ni za kuandika. Mtahiniwa wa Kihispania wa kiwango cha juu kule Marekani, katika mtihani wa Mei, hurekodiwa sauti yake akizungumza. Wetu aweza kupata alama ya juu bila kufungua kinywa mbele ya mtahini. Ifikapo Novemba karatasi ya mwisho ikikusanywa, wako wanaovifunga vitabu vya Kiswahili wasivifungue tena maishani.

Waama, mtihani ni kipimo tu, na mizani haimnenepeshi ng'ombe. Walimu wetu wasingoje hadi watunga mitihani wazinduke. Majuma yale ya mwisho, watahiniwa na wasiokuwa watahiniwa wapewe midahalo, ngano na magazeti ya kusoma. Wazazi nao wawasemeshe wana wao likizoni, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Shule hufungwa kwa ratiba ya serikali. Lugha hufungwa na wale walioacha kuisema.