Picha nzito kutoka Buleusa: namna ya kuipunguza mbele ya kuituma

Mtu akipiga picha ya daraja lililochukuliwa na maji kule Buleusa, katika groupement ya Ikobo wilayani Walikale, kazi bado haijaisha. Ile picha inapaswa kufika kwenye radio, ipandishwe kwenye ukurasa wa intaneti, kisha ifunguke kwenye telefone ya mkaaji wa Pinga ao Kanyabayonga aliyebakiwa na mega kidogo. Mara nyingi inakwama njiani juu ya uzito.

Telefone nyingi za siku hizi zinapiga picha ya megapikseli 12: pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, yaani vidoa vidogo vya rangi milioni 12. Faili yake inafika kwa urahisi megabaiti 4. Pale rezo inapopitisha kilobiti 100 tu kwa sekunde, kuituma kunaomba zaidi ya dakika tano. Rezo ikikatika katikati, mara nyingi mtu anaanza upya, na mega zimeshaliwa.

Lakini kwa ukurasa wa intaneti, upana wa pikseli 1200 unatosha kabisa. Ukishusha 4000 hadi 1200, kimo kinashuka chenyewe hadi 900, na vidoa vinabaki milioni moja na kidogo. Faida kubwa iko hapo, na wengi wanairuka, wanakimbilia kukandamiza tu.

Kukandamiza kunakuja nyuma. Mtindo wa JPEG, uliokubaliwa mwaka 1992, unakata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kutupa mambo madogo ambayo jicho haliyaoni sana. Programu za kurekebisha picha zina kipimo cha ubora, kwa Kifaransa "qualité", hadi 100. Ukiweka 75, ile picha ya daraja itabaki karibu kilobaiti 200: sekunde 16 kwa rezo ileile. Ukishuka sana, mawingu yanaanza kuonyesha miraba, na maandishi ya kibao hayasomeki tena. Kilichotupwa hakirudi. Kwa hiyo punguza kopi, na ile ya asili usiiguse.

Wengine watasema WhatsApp inapunguza yenyewe. Ni kweli, ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama "document" inakwenda nzima, pamoja na habari zilizofichwa ndani yake: tarehe, saa, aina ya telefone, na mahali penyewe kama kamera iliruhusiwa kupaandika. Programu zingine za kupunguza nazo zinaziacha vilevile. Katika sehemu ambako vita vimefukuza wakaaji mara nyingi, hilo si jambo dogo. Anayepiga picha ya watu waliojificha azime kwanza "localisation" kwenye kamera, si nyuma ya kutuma.

Kwa nyumba zilizochomwa ao daraja lililovunjika ni tofauti: pale tarehe na mahali vinaweza kusaidia. Picha ya asili ibaki kwenye kadi ya memwari, kwa mtu wa kuaminiwa. Siku wachunguzi watakapouliza ilipigwa lini na wapi, kopi iliyopita kwa WhatsApp haitakuwa na jibu.