Farasi, Gugu na Ardhi Iliyo Wazi

Katika malisho ya Uingereza huota gugu lenye maua ya manjano liitwalo ragwort, ambalo jina lake la kisayansi ni Jacobaea vulgaris. Ndani yake mna alkaloidi za pirolizidini, sumu iharibuyo ini. Madhara hujikusanya polepole. Farasi huweza kuonekana mzima hata baada ya sehemu kubwa ya ini lake kuharibika, na wakati huo ni vigumu sana kumwokoa. Sheria ya Magugu ya nchi hiyo ya mwaka 1959 iliutaja mmea huu miongoni mwa magugu 5 yenye madhara.

Msomaji atauliza: kwa nini mwenye farasi asinyunyize dawa akamaliza kazi? Dawa huua gugu lililopo, lakini haiondoi sababu iliyoliotesha. Sababu hiyo ni ardhi iliyo wazi. Mbegu ya ragwort ni ndogo, nayo huhitaji mwanga na nafasi. Penye nyasi zilizofungana, mche wake hudhoofika na kufa.

Bahati mbaya, farasi mwenyewe ndiye afunguaye mlango. Kwa kuwa ana meno ya mbele juu na chini, hukata nyasi karibu kabisa na udongo. Tena huepuka kula mahali alipotupa kinyesi, akazidi kuparua mahali pengine. Wakati wa mvua, kwato zake huchimbua udongo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzilinda nyasi: kupunguza idadi ya farasi, kugawa malisho na kuyapumzisha kwa zamu, kuondoa kinyesi, na kupanda nyasi penye vipara. Ng'ombe husaidia pia, kwa kuwa hula nyasi ndefu ambazo farasi amezisusa.

Gugu lililokwisha ota ling'olewe pamoja na mizizi, mikono ikiwa imevikwa glovu, udongo ungali laini na mbegu hazijakomaa. Kufyeka peke yake hakufai. Kwa kawaida mmea huu huishi miaka 2, hutoa maua, kisha hufa. Ukikatwa kabla ya kuzaa, huchipua tena na kuongeza maisha. Yaliyong'olewa yaondolewe malishoni, kwani gugu bichi ni chungu na farasi hulikwepa, lakini likinyauka uchungu hupungua na sumu hubaki. Ndiyo sababu hatari kubwa imo katika nyasi kavu za akiba.

Jimbo la Oregon, Marekani, ambako gugu hili liliingia bila maadui zake wa asili, limetupa ushahidi. Nondo Tyria jacobaeae aliletwa huko mwaka 1960, na mbawakawa Longitarsus jacobaeae, ambaye mabuu yake hula mizizi, mwaka 1971. Gugu lilipungua sana, na nyasi zilisaidia kwa kuijaza nafasi lililoiacha.

Wanafunzi waweza kuipima kanuni hii shuleni. Pimeni vipande 2 vya uwanja, kila kimoja mita 1 ya mraba. Kimoja kiparueni hadi udongo uonekane. Kingine kiacheni na nyasi zake. Baada ya majuma 6 hesabuni miche ya magugu katika kila kipande, kisha mjadiliane: ni nani aliyeyaalika?