Chujio la Hewa na Nguvu za Lori

Katika karakana za vikosi na katika vituo vya polisi husikika mara nyingi hoja moja baina ya madereva: kwamba gari likivuliwa sanduku la chujio la hewa la kiwandani, na kufungwa lile chujio la wazi lenye umbo la pia liuzwalo madukani, litapanda milima kwa nguvu zaidi. Tumeisikiliza hoja hiyo kwa makini, maana wanaoitoa si watu wa kubabaisha. Wamo walioshika usukani kwa miaka ishirini. Hata hivyo, yafaa ichunguzwe.

Tuchukue Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ isiyo na tabo, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu. Silinda zake sita zina ujazo wa lita 4.2. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta zaidi ya lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo. Je, chujio la kiwandani, likiwa safi, huizuia hewa hiyo? Huizuia kidogo mno, kwa kuwa karatasi yake iliyokunjwakunjwa ina eneo kubwa, na nafasi imeachwa kwa ajili ya vumbi litakaloganda.

Tena kuna jambo linalosahauliwa. Katika injini ya dizeli ya namna hii, dereva akanyagapo pedali haongezi hewa. Huongeza mafuta yanayosukumwa na pampu. Hewa kwa kawaida imekwisha kuwa nyingi kuliko mahitaji. Basi aongezaye hewa bila kuongeza mafuta hapati ila mvumo. Mvumo huo, twakiri, hupendeza masikioni, nao ndio uliowadanganya wengi.

Huko Kabale, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja kwa sita. Hapo injini isiyo na tabo huchoka, wala chujio la wazi haliwezi kuifanya hewa ya mlimani iwe nzito. Pengine huzidisha shida: likikaa chini ya boneti bila kukingwa, huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 za Selsiasi, hupoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake.

Chujio lililoziba ni habari nyingine. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilitangaza majaribio yaliyofanyiwa magari ya petroli. Katika magari ya kisasa, chujio lililozibwa halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, lakini gari lilichelewa kushika kasi. Kwa hiyo anayelifunga chujio jipya la wazi mahali pa chujio kuukuu lililojaa udongo ataona nafuu kweli. Angeiona vilevile kwa chujio jipya la kiwandani.

Bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele tusilichanganye na biashara hiyo. Kazi yake ni kuvuta hewa kutoka juu, ambako vumbi la gari lililotangulia ni pungufu, na kuiepusha injini na maji wakati wa kuvuka mito. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, wanajeshi wa vifaru vya M1 Abrams walilazimika kusafisha machujio mara kwa mara kwa sababu ya mchanga.

Nasi tuliwahi kufuatana na msafara huko Karamoja wakati wa kiangazi. Lori la tatu lilikuwa na chujio la wazi, lililofungwa miezi michache nyuma. Tangu asubuhi lilitoa moshi wa buluu. Alasiri likasimama, nalo ndilo lililobeba maji na unga wa kituo cha mbele. Tulilala porini, na wenzetu wa kituo wakangoja mpaka kesho yake jioni. Injini ilipofunguliwa, kuta za silinda zilikuwa zimekwaruzwa na ringi za pistoni zimelika. Ndani ya bomba la hewa, ukipitisha kidole, kilitoka chekundu. Sanduku la kiwandani lilikutwa nyuma ya ghala, zima, limefunikwa kwa gunia.