Baridi yabisi haiishii kwenye vidole, na moyo umo

Mombo ni mji wa joto. Sweta pale ni la abiria anayesubiri gari la kupanda Lushoto. Lakini hata katika joto hilo mama anaweza kuamka vidole vimekakamaa, ashindwe kufunga vifungo vya sare ya mtoto mpaka saa nzima ipite.

Jina la ugonjwa huo, baridi yabisi, limewapotosha wengi. Hauletwi na baridi. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia viungo vya mwenye nayo, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Lisilosemwa sana ni habari ya moyo. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani: ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza. Hiyo ni kazi ya mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe, mingine ikikanyaga mafuta, mingine ikishika breki. Kwa wenye baridi yabisi, tafiti nyingi zimekuta breki imelegea na muda kati ya pigo na pigo umekaribia kulingana. Breki yenyewe ni mshipa uitwao vegasi, ambao pia husaidia kutuliza uvimbe mwilini. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 17 wa Ulaya waliopandikizwa kifaa cha kuusisimua. Baadhi yao walipata nafuu.

Hayo yako mbali na Korogwe. Kilicho karibu ni mashine ya presha. Mgonjwa alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe, hasa kama kuna kizunguzungu.

Hatari ya ugonjwa wa moyo kwa wagonjwa hawa hukadiriwa kuwa mara moja na nusu ya watu wengine. Ndiyo maana diklofenaki ya kununua duka la dawa kila wiki si jambo dogo: hutuliza maumivu, haizuii viungo kuharibika, na yenyewe huongeza hatari ya shambulio la moyo. Dawa zinazozuia, kama methotreksati, huandikwa na daktari na hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Mama mwenye mimba, au anayeitarajia, haitumii hiyo. Amwambie daktari kabla ya kuandikiwa.