Uvimbe na Tuta Ulikooteshwa

Msomaji wa Kiganjo, Thika, ameuliza: uvimbe wa ubongo ukishaonekana kwenye skani na kutolewa, madaktari wanataka nini tena wanapouliza ni "wa seli gani"? Mwaka 1925 Percival Bailey na Harvey Cushing waliuita uvimbe mmoja adimu wa watoto, unaoota kwenye serebelamu kisogoni, medulublastoma, kwa heshima ya seli changa waliyoamini ndiyo imeuzaa: medulublasti. Seli hiyo haikuonekana. Jina likabaki, kama mtoto aliyepewa jina la babu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Seli changa wengi huziita seli shina. Hapa neno hilo silitaki, maana shina limekwisha kushika ardhi. Hizi ni seli miche: zimeota, lakini hazijahamishiwa shambani. Miche ya Ruiru 11, kahawa iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Ruiru mwaka 1985, na ile ya SL28 hufanana ikiwa na majani mawili ya kwanza. Mwenye kitalu huijua kwa tuta ilikooteshwa. Uvimbe huu ni tuta ambalo miche yake imekataa kukomaa, inazaana tu, na darubini huona msongamano wa miche basi. Siku hizi seli hutenganishwa moja moja, zikasomwa RNA zao, zinazoonyesha jeni zinazotumika wakati huo, kisha zikalinganishwa na za serebelamu ya kijusi. Mwaka 2022 tafiti mbili katika jarida la Nature zililipata tuta la makundi mawili kati ya manne ya uvimbe huu, la 3 na la 4: ukingo uitwao mdomo wa rombasi. Utamu uko kwenye ramani yake. Kwa binadamu, mishipa midogo ya damu hupita kati na kuligawa tuta vipande viwili, nalo hudumu karibu hadi kuzaliwa. Panya hana mgawanyiko huo, kwa hiyo kumchunguza panya kusingemwonyesha babu.

Utasema kufanana si kuzaliwa, saratani yaweza kuiga. Lakini jeni zinazoharibika mara kwa mara katika kundi la 4 hufanya kazi papo hapo, kwenye kipande kimojawapo cha tuta hilo. Tiba yenyewe ingali kisu, mionzi na dawa. Hata hivyo watoto wa kundi la WNT, jingine kati ya yale manne na lenye chimbuko tofauti, wengi hupona wakitibiwa, ilhali wa kundi la 3 hali yao huwa ngumu zaidi; kwa darubini peke yake wote wangeandikiwa jina moja.