Umeona Ndege Usiyemjua? Andika, Piga Picha, Ripoti

Wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanahimizwa kuripoti ndege wasio wa kawaida wanaowaona mashambani, msituni na ufuoni.

Taarifa hizo zina uzito. Kwera wa Clarke, mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, hupatikana Kilifi pekee duniani. Wanasayansi walimtambua mwaka wa 1913, lakini viota vyake havikujulikana hadi 2013, vilipopatikana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, Magarini. Pasipojulikana anakozalia, ni vigumu kujua ni ardhi ipi ya kulindwa kwanza.

Ripoti za ndege wapya nchini, au walioonekana mara chache mno, hukaguliwa na Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki. Kutaja jina la ndege pekee hakutoshi. Kamati hutaka ushahidi.

Ukimwona, andika papo hapo:

• tarehe, saa na mahali;
• ukubwa wake ukilinganishwa na ndege unayemjua, kama njiwa au kunguru;
• rangi ya kichwa, mgongo, tumbo na miguu, na umbo la mdomo;
• sauti yake na alichokuwa akifanya.

Piga picha, hata kwa simu. Usikaribie kiota wala kumfukuza ndege.

Peleka taarifa kwa shirika la Nature Kenya au kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Ripoti isipokubaliwa, haimaanishi aliyeileta amedanganya, bali ushahidi haujatosha.