Makanisa ya Kale Katika Picha: Mwaka Mmoja wa Safari na Kamera



Safari ninayotaka kukusimulia ilianza Dominika ya kwanza ya Majilio, mwaka juzi, na ikaisha tarehe 9 Novemba mwaka uliofuata, sikukuu ya Kutabarukiwa kwa Basilika la Laterano. Katikati ya siku hizo mbili nilizunguka nikiwa na kamera moja, stendi yake, na barua ya utambulisho kutoka kwa Paroko wangu, nikipiga picha makanisa ya kale ya nchi yetu. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kutafuta mandhari ya kupendeza. Haikuchukua muda nikatambua kwamba picha ya kupendeza ni jambo jepesi. Lililo gumu ni picha itakayomwezesha mtu asiyeliona kanisa lile, baada ya miaka hamsini, kujua lilikuwaje na lilijengwaje.

Nilianzia Zanzibar, kwa sababu katika karne ya 19 Injili iliingilia huko kabla ya kuvuka kuja bara. Padre Armand Fava na wenzake walifika kisiwani mwaka 1860 wakitokea Réunion. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wa Mji Mkongwe huliita kwa mazoea Minara Miwili, lilijengwa miaka ya 1890. Yeyote aliyejaribu kulipiga picha anajua taabu yake: vichochoro ni vyembamba, nyumba zimesongamana, na ukisimama mbele ya kanisa huwezi kuliona lote. Ukiiinua kamera juu ili uipate minara, kuta zinaonekana kana kwamba zinaangukia nyuma. Dawa yake ni kurudi nyuma na kupanda juu. Nilipata ruhusa ya kupanda kwenye paa la nyumba moja ya jirani, nikasubiri jua la asubuhi, na hapo nikaelewa kwa nini watu wa mji ule wanalitambua kanisa kwa minara yake. Ukiwa barabarani huoni kingine.

Nilipokuwa juu ya paa lile, mwenye nyumba, mzee wa Kiislamu aliyenikaribisha kwa kahawa, alinionyesha jambo lililonifunza zaidi ya vitabu. Alinyosha kidole kwenye dari ya chumba chake akaniambia nizihesabu boriti. Nyumba za kale za pwani zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi paa zito la mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vyote vya kale ni virefu na vyembamba. Sasa fikiri, ndugu msomaji, shida ya mjenzi wa kanisa. Taifa la Mungu linahitaji kukusanyika mahali pamoja na kuiona altare moja. Haliwezi kukaa katika ujia wa mita tatu.

Jibu moja la shida hiyo liko hatua chache kutoka hapo, katika Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa, na ulifanyika juu ya uwanja wa soko lenyewe. Askofu Edward Steere, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa kazi zake juu ya lugha yetu, aliamua kuezeka kwa kuba refu la zege lililochanganywa mawe ya matumbawe na saruji, bila boriti hata moja. Watu wengi walitabiri kwamba litaporomoka. Halijaporomoka hadi leo. Karibu na mlango zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu: mafundi walizisimika Askofu akiwa hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo. Nilizipiga picha nyingi kuliko nilivyohitaji. Katika jengo lile zito kwa kumbukumbu za mateso, kosa lile la mafundi ndilo linalokuambia wazi kwamba kulikuwa na mikono ya watu wa hapa, waliokuwa wakijenga kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Kuhusu mawe ya matumbawe, jambo moja linahitaji kuelezwa kwa undani, maana linagusa parokia nyingi za pwani. Wazee wetu walipanga magogo, wakatandaza matumbawe juu yake, wakachoma mpaka yakawa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo iliyoshikanisha mawe na ndiyo iliyokuwa lipu. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi ya bahari, unapata njia ya kutoka. Tunapokuja leo na mifuko ya saruji, kwa nia njema kabisa, tukaupiga ukuta ule lipu ngumu na kuumalizia kwa rangi ya mafuta, tunauziba pumzi. Unyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya miaka michache jiwe linaanza kumung'unyika kama mkate mkavu. Nimepiga picha kuta za aina hii katika makanisa matatu. Katika yote matatu niliambiwa kwamba jengo limechakaa kwa sababu ya uzee. Kwa maoni yangu, uzee unasingiziwa.

Wakati wa Kwaresima nilikuwa Bagamoyo. Wengi wenu mnapafahamu, hasa tangu Jubilei ya miaka 150 ya Uinjilishaji mwaka 2018, kwa hiyo sitarefusha. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Mnara wa kanisa lao la kwanza bado umesimama, na wageni hupelekwa kuuona kwa sababu mwili wa David Livingstone ulilazwa humo mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mimi pia niliupiga picha. Lakini nilitumia saa nyingi zaidi makaburini, ambako misalaba inaonyesha jinsi wamisionari wengi walivyokufa wakiwa bado vijana. Majina yao yameandikwa. Majina ya waliochoma chokaa, waliobeba mawe na waliochimba msingi sikuyaona yameandikwa popote ukutani. Kamera haiwezi kupiga picha ya jina ambalo halikuandikwa, na jambo hilo lilinisumbua safari yote iliyobaki.

Masika yalinifungia nyumbani miezi miwili. Barabara zilipokauka nilikwenda Karema, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa mwaka 1885 boma lililokuwa limejengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Boma la kivita likawa misheni. Hapo ndipo alipohudumu Adrian Atiman, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuhudumu kama katekista na tabibu hadi kifo chake mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 mahali pamoja! Baada ya yale niliyoyakosa Bagamoyo, nilifurahi kukuta jina la mtu wa namna hiyo likitajwa na watu kana kwamba aliondoka juzi.

Peramiho na Dar es Salaam nitazitaja kwa pamoja, kwa kuwa historia zao zimefungamana. Wabenediktini walijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari ya Dar es Salaam kati ya mwaka 1897 na 1902. Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa ameanzisha Peramiho mwaka 1898, aliuawa Agosti 1905 katika vita vya Majimaji akiwa safarini kuelekea huko, na misheni yenyewe ikateketezwa. Kwa hiyo abasia tunayoiona leo Peramiho imesimama juu ya majivu. Anayepiga picha matao yale bila kujua habari hii atapata picha nzuri, lakini hatajua amepiga nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Mwezi Septemba nilisafiri siku mbili kwenda katika parokia moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimesikia habari za kanisa lake la matofali ya kuchoma, lenye kenchi za mbao zilizochongwa kwa mkono. Nilipofika nikakuta uwanja mtupu, umesawazishwa, na kando yake kanisa jipya, kubwa, lenye bati la rangi na madirisha ya aluminiamu. La kale lilikuwa limebomolewa miezi mitano kabla. Simlaumu mtu. Waamini walikuwa wameongezeka mno, na nusu yao walisali nje juani kila Dominika. Halmashauri ya walei iliniambia kwa haki kabisa kwamba Kanisa ni watu kabla ya kuwa matofali. Nilipouliza kama kuna picha za kanisa lile, wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amepiga.

Jioni ile mama mmoja mzee wa jumuiya akaja na albamu yake ya harusi. Kesho yake wakaja wengine, na albamu za Kipaimara, Komunyo ya kwanza na mazishi. Tukazitandaza juu ya meza ya katekista, tukaanza kulitafuta kanisa nyuma ya mabega ya watu. Katika picha moja ilionekana nguzo ya kushoto. Katika nyingine, nusu ya dirisha. Tabernakulo haikuonekana vizuri hata mara moja, kwa sababu kila bibi harusi alisimama mbele yake. Wazee wawili walibishana kwa muda mrefu kama sanamu ya Mama Bikira Maria ilikuwa upande wa wanaume au wa wanawake. Wote wawili walibatizwa humo.

Ndugu msomaji, pengine utaona kwamba haya ni mapenzi ya mtu mmoja kwa vitu vya kale. Mama Kanisa haoni hivyo. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1283, unawataka wanaosimamia mali za Kanisa waandae orodha kamili na ya wazi ya mali zisizohamishika, na ya vile vinavyohamishika vyenye thamani au vilivyo urithi wa utamaduni, pamoja na maelezo yake. Kanuni ya 1189 inazuia picha na sanamu zenye thamani kwa ukale, sanaa au ibada zisifanyiwe ukarabati bila ruhusa ya maandishi ya Askofu, naye kabla ya kuitoa anapaswa kuwashauri wataalamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia, uliwaagiza maaskofu wawe waangalifu vyombo vitakatifu na kazi za thamani zisiuzwe wala kupotea. Na mwaka 1999 Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa ilitoa barua nzima kuhusu uharaka wa kazi hii ya kuorodhesha. Orodha bila picha ni nusu ya orodha. Andika "sanamu moja ya mbao" halafu jaribu kuitambua ikiwa imeibwa.

Kazi yenyewe haihitaji kamera kama yangu. Simu ya mkononi inatosha. Omba kwanza ruhusa ya Paroko. Usifanye kazi hii wakati wa Misa Takatifu, na unapopita mbele ya Ekaristi Takatifu piga goti, hata kama una stendi mkononi. Piga pande nne za nje, kisha ndani kutoka mlangoni kuelekea altare na kutoka altare kuelekea mlangoni, ambako wapigapicha wa harusi hawageuki kamwe. Usitumie flashi, fungua madirisha usubiri mwanga. Karibia maandishi ya jiwe la msingi, kengele, viungo vya kenchi, chapa za matofali. Andika tarehe na jina la mahali kwa kila picha, weka nakala moja parokiani na nyingine jimboni. Picha za kalisi na vyombo vya thamani zisisambazwe kwenye makundi ya simu.

Tafuta pia misalaba ukutani. Kanisa linapotabarukiwa, Askofu huipaka altare Krisma takatifu, kisha huzipaka kuta mahali kumi na mbili, au manne, na mara nyingi mahali hapo huwekwa msalaba mdogo. Watu wengi husali miaka yote karibu nayo bila kujua ni nini.

Tarehe 9 Novemba nilirudi katika parokia ile. Niliwapelekea nakala za picha tulizokusanya, zikiwa zimesafishwa na kupangwa. Katekista aliniongoza hadi nyuma ya jiko la parokia, ambako vijana walikuwa wamerundika matofali ya kanisa la kale kwa ajili ya kujengea choo. Walikuwa wamelitenga moja kando, lenye lipu upande mmoja. Chini ya rangi tatu za mafuta, iliyokwanguliwa kwa kucha, kulikuwa na mkono mmoja wa msalaba mwekundu. Nililiweka juani, nikalipiga picha, katekista akaandika nyuma ya bahasha tarehe na mahali, kisha akalibeba matofali lile sakristiani kwa mikono miwili.